NANI ANAWEZA KUTUA MZIGO?
Uhakiki wa Kitabu cha Tippu Tip na Suala la Mgeni na Kazi katika Njia ya Misafara ya Tabora

Utangulizi

Mtu anapoingia katika nchi isiyo yake, swali lake la kwanza si la siasa wala la mila. Ni swali la tumbo: nitakula nini, na nitakipata kwa nani? Makada wengi huliona swali hili kuwa ni la ofisi za uhamiaji na za kazi, lenye majibu katika fomu na vibali. Sisi tunasema kwamba ni swali la itikadi kabla ya kuwa swali la fomu. Namna jamii inavyompa mgeni kazi hudhihirisha uhusiano uliopo kati ya wenye mali na wale wenye nguvu ya mikono tu. Kwa mwenyeji uhusiano huo hufunikwa na mazoea, ukoo na shamba la baba yake. Kwa mgeni hauna kifuniko.

Makada wanaijua Tabora kwa Uamuzi wa Busara wa mwaka 1958, Chama cha TANU kilipokata shauri la kushiriki uchaguzi wa kura tatu. Lakini kwa zaidi ya karne moja kabla ya hapo na baada yake, Tabora imekuwa pia shule ya suala la mgeni na kazi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapo kwenda Ujiji na Manyema, na tangu miaka ya 1850 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na makao yao Kazeh, katika Unyanyembe. Kila aliyepita njia ile alikuwa mgeni wa mtu fulani.

Katika makala haya tunahakiki kitabu kilichotoka katika njia hiyo, nacho ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Tunakihakiki kwa sababu kinasomwa na wanachuo wetu bila mwongozo, na kwa sababu suala lililomo ndani yake halijaisha.

1. Kitabu na mwandishi wake

Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Katika miaka yake ya mwisho aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Brode akayageuza maandishi hayo kuwa ya hati za Kilatini, akayatafsiri kwa Kijerumani na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Ni lazima kitabu kipewe haki yake. Ni miongoni mwa maandishi ya kwanza marefu ya nathari ya Kiswahili yaliyoandikwa na mtu kuhusu maisha yake mwenyewe. Kiswahili chake ni cha mtu wa biashara: sentensi fupi, hesabu za frasila, majina ya wadai na wadaiwa, siku za safari. Mwandishi hajipambi kwa maneno ya huruma. Anapofanya jambo la ukatili husema kwamba amelifanya, akaendelea na safari. Sifa hiyo ndiyo inayokifanya kitabu kuwa ushahidi. Msomaji makini hahitaji kumlazimisha mwandishi akiri kitu, kwa kuwa ameandika kila kitu akiamini ni cha kawaida.

Kasoro ya kitabu ni ya kitabaka. Watemi wanatajwa kwa majina. Waarabu na Wahindi wanatajwa kwa majina. Wapagazi waliobeba kila frasila ya pembe inayohesabiwa humo huonekana hasa kama idadi: mia kadhaa walipatikana, mia kadhaa walitoroka. Mwandishi anajua bei ya pembe katika kila mji, lakini hatuelezi mtu aliyeibeba aliafikiana naye nini.

2. Wageni wa aina mbili

Kitabu kinaonyesha, bila kukusudia, kwamba neno "mgeni" si la tabaka moja.

Mgeni wa kwanza ni yule anayeingia na mtaji au na nasaba. Baba yake Tippu Tip alikuwa mtu wa pwani aliyekaa Unyanyembe. Alioa katika nyumba ya Mtemi Fundikira, na ndoa hiyo ikampa heshima na ardhi ambazo wageni wengine hawakuwa nazo. Mnywa Sere aliposhika utemi na kuwatoza wafanyabiashara ushuru, watu wa pwani hawakukubali hali hiyo kama wageni wanavyotarajiwa kuikubali. Walipigana naye, wakamsaidia Mkasiwa kukaa mahali pake. Kwa hiyo kundi la wageni lilibadili mtawala wa nchi iliyolikaribisha.

Tippu Tip mwenyewe alianza safari zake kubwa kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, akiwamo Taria Topan. Alipofika Utetela, katika Kongo ya leo, alifanya jambo linalofaa kusomwa mara mbili. Alimwambia mzee Kasongo Rushie kwamba yeye ni wa ukoo wake, mjukuu wa ndugu aliyetekwa zamani, na kwa hadithi hiyo akakabidhiwa nchi pamoja na pembe zake. Mgeni huyu hakutafuta kazi. Alitafuta nasaba, na nasaba ikampa kazi ya watu wengine.

Mgeni wa pili ni yule aliyeingia na mabega yake. Huyu ndiye mpagazi. Mnyamwezi aliyeteremka Bagamoyo alikuwa mgeni kwa Wagogo njiani na kwa Wazaramo karibu na pwani, na kwa matajiri wa Unguja alikuwa mgeni tena. Naye Mzaramo aliyepanda bara alikuwa mgeni vivyo hivyo. Huyu hakuwa na hadithi ya kumwambia mtemi yeyote. Alikuwa na nguvu zake, na swali lake lilikuwa moja: anaziuza kwa masharti gani?

3. Tukio la Mkamba

Ukurasa muhimu kuliko yote katika kitabu, kwa maoni yetu, hauko Manyema wala katika safari pamoja na Stanley. Uko Mkamba, katika Uzaramo, mwanzoni tu mwa safari. Tippu Tip alikuwa amepata wapagazi wa Kizaramo kwa mamia. Wakatoroka. Bidhaa za mkopo zikabaki chini, na deni likabaki kwa tajiri wa Unguja.

Mwandishi anaeleza alichofanya. Alirudi na watu wenye silaha, akaingia vijijini, na kwa siku chache akakamata watu kwa mamia. Hakuchagua waliotoroka na wasiotoroka. Akawafunga pamoja, akawatwisha mizigo na kuendelea na safari. Kwa tendo hilo, anasema, watu wakampa jina la Kingugwa, yaani chui, kwa kuwa chui hupiga huku na huku bila kuchagua. Analitaja jina hilo kwa fahari.

Tuuchambue ukurasa huu kwa utulivu. Kabla ya siku ya kutoroka, uhusiano wa Tippu Tip na Wazaramo ulikuwa wa ajira: huyu ana bidhaa, wale wana mabega, wamekubaliana. Baada ya siku chache uhusiano ukawa wa minyororo. Mizigo ilikuwa ile ile, njia ile ile, na tajiri yule yule. Kilichobadilika ni kimoja tu: uwezo wa mbebaji kuutua mzigo na kuondoka ulikuwa umeondolewa.

Hapa ndipo tunapopata kipimo. Wengi hudhani tofauti kati ya kazi ya uhuru na kazi ya shuruti iko katika ujira, kwamba anayelipwa ni huru na asiyelipwa ni mtumwa. Ukurasa wa Mkamba unatufundisha kwamba ujira peke yake hautoshi kuwa kipimo. Mtu ni huru katika kazi pale anapoweza kuutua mzigo bila kufa njaa na bila kufungwa.

4. Yale ambayo kitabu hakiyasemi

Tukitoka katika kitabu na kuiangalia njia yenyewe, tunaona kwamba wapagazi hawakuwa kundi la kuswagwa kama kitabu kinavyotufanya tudhani. Wapagazi wa Kinyamwezi wa katikati ya karne ya 19 walikuwa, kwa sehemu kubwa, vibarua wa hiari. Walipatana idadi ya doti za nguo, merikani au kaniki, na sehemu ya malipo waliipokea kabla ya kuondoka. Njiani walipewa posho, na kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Walikuwa na kirangozi wao aliyetangulia mbele. Posho ilipopunguzwa, au mwendo ulipozidi, waliweka mizigo chini wakakaa.

Maandishi ya wasafiri wa Kizungu yamejaa malalamiko juu ya "uvivu" na "ukaidi" wa wapagazi. Kada anayesoma malalamiko hayo ayageuze kichwa chini: hayo ni kumbukumbu za migomo. Livingstone mwenyewe alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti mwaka 1872, akingoja watu ambao Stanley aliahidi kumletea kutoka pwani. Jina lake lilikuwa limeenea dunia nzima, lakini bila mabega ya watu hakuweza kuondoka katika tembe lile.

Nguvu hii ya mpagazi ilitoka wapi? Ilisimama juu ya nguzo tatu.

Kwanza, shamba. Mnyamwezi alisafiri wakati wa kiangazi, akarudi mvua zilipokaribia ili alime. Aliyeacha jembe na mtama nyumbani hakulazimika kukubali kila sharti.

Pili, umoja. Watu wa kijiji kimoja walisafiri pamoja na kupatana pamoja. Mgeni hakusimama peke yake mbele ya tajiri.

Tatu, utani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani hadi leo, na utani wa Wanyamwezi umetawanyika katika makabila mengi ya njia ile ile. Vijana wa siku hizi huuona utani kuwa ni matusi ya kuchekesha msibani. Katika njia ya misafara utani ulikuwa mkataba: mtani humpa mtani chakula, humuuguza na kumzika. Hii ndiyo bima ya mgeni iliyobuniwa na wavujajasho wenyewe, bila serikali na bila kampuni. Katika kitabu cha Tippu Tip haina nafasi, kwa kuwa mwenye bunduki na mkopo hakuihitaji.

5. Kutoka mzigo hadi kipande

Wakoloni hawakuzivunja nguzo hizi kwa siku moja. Mwaka 1893 Isike, Mtemi wa Unyanyembe, alijilipua katika ngome yake kuliko kukamatwa na Wajerumani. Mwaka 1897 ilitangazwa kodi ya nyumba. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kodi ilimfanya mtu ahitaji fedha hata kama ana mtama. Reli iliua kazi ya upagazi, kisha ikawabeba wapagazi wa jana kwenda kwenye mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro. Kutoka Tabora na Kigoma waliondoka manamba kwa maelfu, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, kuongoza kazi hiyo.

Tuyatazame maneno yenyewe, maana lugha ya kazi haisemi uongo. "Kibarua" ni barua ndogo, cheti alichopewa aliyefanya kazi ya kutwa. "Kipande" ni kadi yenye alama za siku 30 za kazi, na mwezi wa mfanyakazi haukuisha mpaka alama zote zijae, hata kama mwezi wa mbinguni umeshaandama. "Manamba" ni wale walioitwa kwa nambari. Mpagazi alibeba mzigo, lakini manamba alibebwa na karatasi, na karatasi hiyo aliiandika mtu mwingine kwa lugha asiyoijua. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Minyororo ya Mkamba ikawa kifungu cha sheria.

6. Ulyankulu

Sasa tuje kwenye nyakati zilizo karibu nasi. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji nchini Burundi. Tanzania iliwapokea, na makazi yao ya kwanza makubwa katika sehemu hii yakafunguliwa mwaka huo huo Ulyankulu, mkoani Tabora, katika nchi iliyokuwa chini ya Mirambo karne moja kabla. Katumba ikafuata mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, zote upande wa Mpanda. Ardhi na maji ya Ulyankulu yalipoelemewa, maelfu ya watu walihamishiwa Mishamo.

Lililofanyika Ulyankulu lina thamani kubwa ya kinadharia. Mgeni hakupewa bwana wa kumtumikia. Alipewa ardhi, na chakula mpaka atakapovuna. Aliyefika mikono mitupu akawa mkulima wa mahindi, maharage na tumbaku, na baada ya miaka michache makazi yakawa yanajilisha na kuuza ziada. Hii ndiyo nguzo ya kwanza ya mpagazi, yaani shamba, iliyorudishwa kwa mgeni kwa uamuzi wa kisiasa. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, na nishani hiyo ilitambua siasa ya nchi nzima.

Lakini uhakiki usiokagua upande wa pili si uhakiki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1965, na ile ya 1998 iliyochukua nafasi yake, zilimtaka mkimbizi awe na kibali ili atoke katika eneo lake. Mkulima asiyeweza kwenda sokoni bila kibali ana shamba lakini hana njia. Mwaka 2010 serikali ilikubali kuwapa uraia Warundi wa 1972 wapatao 162,000, uamuzi usio na mfano mwingi duniani. Hata hivyo mpango wa awali uliwataka wahame makazi yao na kutawanyika mikoani, na vyeti havikuanza kutolewa mpaka mwaka 2014, mpango huo ulipoachwa. Kwa miaka minne hiyo watu walikuwa wameshaacha hadhi ya ukimbizi lakini hawana karatasi ya uraia mkononi. Tumeona katika kipande kwamba karatasi inaweza kuwa mnyororo. Katika miaka ile minne tunaona kwamba kukosa karatasi kunaweza kuwa mnyororo vilevile. Suala si kuwapo au kutokuwapo kwa karatasi, bali imeandikwa kwa faida ya nani.

7. Makosa mawili katika kukisoma kitabu

Katika mijadala ya wanachuo hujitokeza makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la wanaomfanya Tippu Tip shujaa wa biashara, "Mwafrika aliyejitajirisha kwa juhudi". Hawa wamehesabu frasila na kusahau mabega. Juhudi iliyokuwapo Mkamba ilikuwa juhudi ya bunduki.

Kosa la pili ni la wanaokitupa kitabu kwa kuwa ni cha mwuza watumwa, wakaona wapagazi wote kuwa watumwa. Hawa husikika kama wanamapinduzi, lakini wanawanyang'anya wavujajasho historia yao. Wanafuta migomo, mapatano na utani, wakabakiza wahasiriwa tu. Tabaka lisilo na kumbukumbu ya kutua mzigo litaamini kwamba mzigo hautuliki.

Makosa haya mawili yana mtoto wao wa leo, nayo ni ile kauli kwamba "wageni wanachukua kazi za wenyeji". Kauli hiyo huona mabega ya mgeni na haioni mkono wa anayeajiri. Anayeshusha ujira ni mwajiri anayemchagua mtu asiyeweza kukataa. Mgeni akiwa na uwezo wa kukataa, ujira wa mwenyeji nao husimama.

8. Wajibu wa kada

Mpagazi hayupo tena katika njia ya Tabora, ila masharti ya kazi yake yapo. Katika mashamba ya tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge kuna vibarua wa msimu waliotoka wilaya na mikoa mingine. Hutokea mtu akala posho ya mwenye shamba msimu mzima, akalipwa tumbaku ikishauzwa, baada ya kukatwa kile alichokula, na bila karatasi yoyote. Hutokea watoto wake nao wakaingia shambani. Mpagazi wa miaka ya 1850 alipokea sehemu ya malipo kabla hajainua mzigo. Tujiulize nani kati ya hawa wawili yuko mbele.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na kama mfanyakazi hayaelewi, aelezwe kwa namna atakayoelewa. Inaweka saa 45 za kazi ya kawaida kwa wiki. Inakataza kukata mshahara kiholela. Iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya kupeleka mgogoro. Na kwa asiye raia, Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inataka kibali cha kazi kabla ya kuanza kazi. Sheria hizi zikibaki Dodoma katika makabati ni sawa na posho iliyobaki ghalani.

Kwa hiyo tunapendekeza kila darasa la itikadi katika matawi yaliyo kando ya njia hii lifanye mambo matatu. Kwanza, lisome ukurasa wa Mkamba na kuujadili kwa kipimo tulichokitoa. Pili, litoke nje: liwaulize vibarua wa mashamba na wa ujenzi wa eneo lake, wageni kwa wenyeji, walipatana nini, kwa maandishi au kwa mdomo, na wakitaka kuondoka kesho wataondoka na nini. Tatu, wale watakaobainika kuwa hawawezi kuutua mzigo wasaidiwe kuingia katika vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, na waonyeshwe Tume ilipo. Majibu yaandikwe na kuletwa katika kikao cha tawi, yakiwa na idadi na masharti ya kila shamba, ili kikao kijadili hali iliyopo badala ya kujadili uvumi juu ya wageni.